Kompyuta Mpya Isiyowaka: Ni Umeme, Ni Vipuri au Ni Mikono?

Kompyuta ya mezani iliyotoka kuunganishwa ikikataa kuwaka, hakosekani wa kulaumiwa. Mwenye mali humlaumu muuza vipuri, muuza vipuri humtupia lawama fundi, na fundi humalizia kwa SNEL, shirika la umeme la taifa, ambalo halipo pale kujitetea. Makomeno, mtaa wa komini ya Lubumbashi katika mji wenye jina hilohilo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzozo wa namna hii una gharama kubwa. Kipuri kilichokataliwa hakibadilishwi kesho yake. Kimetoka Dubai au China, kikashushwa Dar es Salaam au Durban, kikapanda lori kuvuka Zambia, kikangoja mpakani Kasumbalesa, ndipo kikafika. Anayemlaumu asiyehusika hulipa mara mbili: hununua kipuri kingine wakati cha kwanza hakikuwa kibovu, na kosa lenyewe linabaki ndani ya kasha.

Swali basi ni hili: kompyuta ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja, tuanze kuishuku wapi, na kwa utaratibu gani, mahali ambapo vipuri vya akiba ni vichache na umeme wenyewe hauaminiki? Maneno "haijawahi kuwaka" ndiyo yenye uzito. Kompyuta iliyofanya kazi mwaka mzima kisha ikafa ina historia. Tunajua kwamba vipuri vyake vilipatana na waya zake zilikuwa mahali pake. Hii mpya haijathibitisha lolote. Mbinu zinazofaa kwa ile ya kwanza mara nyingi hutupoteza kwa hii ya pili.

Kwa nini watu hujiundia

Katika mji wa mgawo wa umeme, kompyuta ya mapajani ingeonekana ndiyo chaguo la busara, maana ina betri. Lakini kwa fedha ileile kompyuta ya mezani humpa mtu nguvu zaidi ya kazi, na kinachoharibika hubadilishwa peke yake. Anayehariri video za harusi, anayechora nyumba kwa AutoCAD, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwenye duka la kuchapisha mabango: kila mmoja akipiga hesabu zake, huishia kwenye kasha kubwa juu ya meza na UPS, betri ya akiba, chini yake.

Vipuri vyenyewe ni mchanganyiko. Kasha ni jipya, pawa saplai ni mpya, madabodi imeshatumika, prosesa imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa ng'ambo, RAM imenunuliwa kwa mtu mwingine kabisa. Hata majina ni mchanganyiko. Mafundi wa Lubumbashi husema carte mère, alimentation, barrette. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi kimeandikwa Kiingereza au Kichina. Na anayetafuta msaada kwa Kiswahili hukuta majina ya Dar es Salaam na Nairobi: madabodi, pawa saplai, RAM. Humu natumia hayo ya mwisho, ila msomaji wa Lubumbashi ajue kwamba vitu ni vilevile.

Mchanganyiko huo hushusha bei, na hapo ndipo faida ilipo. Hasara yake haionekani dukani: kompyuta inayotoka kiwandani imeshawashwa na kupimwa kabla ya kufungwa kwenye boksi, lakini vipuri hivi havijawahi kukutana. Kila kipuri kinachowaka kwa mara ya kwanza nyumbani kwako ni mgeni kwa jirani zake.

Neno moja, magonjwa manne

Kosa la kwanza la uchunguzi liko kwenye lugha. Tunasema "haiwaki" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni manne, na tofauti zake hutokana na hatua ambazo umeme hupitia tangu ukutani hadi picha kutokea kwenye skrini.

Ukichomeka plagi na kuwasha swichi ya nyuma, kabla hujabonyeza chochote, pawa saplai huanza kutoa umeme mdogo wa volti 5 wa kusubiri. Ndio unaowasha taa ndogo iliyopo kwenye madabodi nyingi. Ukibonyeza kitufe, madabodi huishusha waya ya amri ya plagi kubwa ya pini 24, ile ya kijani kwenye pawa saplai zenye waya za rangi, na pawa saplai huachia volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kila kimoja kinaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu: volti 12 isiwe chini ya 11.4 wala juu ya 12.6. Vipimo vikitulia, jambo lisilofika nusu sekunde, pawa saplai hupeleka ishara kwamba umeme uko tayari. Hapo ndipo prosesa huruhusiwa kuanza. Husoma BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya madabodi, nayo BIOS hukagua RAM, kisha kadi ya michoro, na mwisho hutafuta diski yenye mfumo endeshi.

Ugonjwa wa kwanza ni kimya kitupu: ukibonyeza kitufe, hakuna feni wala taa mpya inayowaka. Kosa liko kabla ya kitufe au kwenye kitufe chenyewe. Wa pili ni kushtuka na kuzima: feni zinazunguka sekunde moja, zinasimama, pengine zinarudia tena na tena. Hiyo mara nyingi ni pawa saplai inayojilinda baada ya kuhisi shoti, au prosesa isiyopozwa. Wa tatu ni feni kuzunguka na skrini kubaki nyeusi. Huu ndio unaozua ugomvi mwingi, na nitaurudia. Wa nne ni kompyuta inayoonyesha nembo ya mtengenezaji wa madabodi, kisha ikasema haioni diski ya kuanzia. Kompyuta hiyo ni nzima. Diski mpya haina kitu ndani. Inangoja kuwekewa Windows au Linux. Au diski imeshatumika, na ina mfumo uliowekwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS wakati madabodi imewekwa kwenye mtindo mpya wa UEFI. Inasikitisha kuona mtu akirudisha madabodi dukani kwa ugonjwa huu wa nne.

Shitaka la kwanza: umeme

Wanaoanza na umeme wana sababu. Lubumbashi hupata umeme kutoka mabwawa ya Katanga kama Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na kutoka Inga upande wa magharibi kabisa wa nchi, kwa njia ya umeme wa mkondo mnyoofu ya takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme huohuo mji hugawana na migodi ya shaba na kobalti inayokula megawati kwa mamia. Mahitaji yakizidi, mitaa huzimiwa kwa zamu, na umeme unaporudi haurudi kwa upole. Volti 220 zilizoandikwa kwenye karatasi si lazima ziwe volti 220 zilizopo ukutani saa mbili usiku, kila jiko la umeme mtaani likiwa moto.

Hata hivyo shitaka hili lina udhaifu ambao wanaolitumia hawauoni. Umeme mbaya huua vitu vilivyo kazini: kompyuta iliyoachwa imechomekwa wakati umeme unakatika na kurudi, pawa saplai iliyochoshwa miezi mingi. Kompyuta iliyochomekwa dakika tano zilizopita haijapata nafasi ya kuchoshwa. Pia pawa saplai nyingi za kisasa zimeandikwa 100 hadi 240, yaani volti 170 za jioni haziwezi kuzizuia kuwaka.

Kuna hali tatu ambapo umeme unastahili kweli kushitakiwa kwenye kompyuta mpya, na zote husomeka kwenye lebo. Ya kwanza ni pawa saplai ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa soko la volti 220 pekee. Lebo yake husema 200 hadi 240 au 220 hadi 230, na umeme ukishuka sana inaweza kukataa kuanza. Ya pili ni pawa saplai ya zamani yenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imetoka nchi ya volti 110 na swichi ikaachwa kwenye 115, kuichomeka Lubumbashi ni kuipasua papo hapo, kwa mlio na harufu isiyosahaulika. Ya tatu ni UPS ndogo. UPS ya VA 650 haitoi wati 650. Kwa kawaida haifiki wati 400, na kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro inaweza kuiangusha mara inapoanza kuvuta.

Ushahidi wa kawaida, kwamba taa ya chumbani inawaka, haufai kitu hapa. Balbu ya LED huweza kuangaza vizuri kwenye umeme hafifu ambao mashine nyingine ingeukataa. Kipimo ni mita, na mita ya bei ndogo inatosha. Isipokuwepo, angalia taa ya kusubiri kwenye madabodi: ikiwaka, umeme umeshavuka ukuta, waya na swichi, na kwa ugonjwa wa kwanza na wa tatu shitaka dhidi ya SNEL limepungukiwa nguvu sana.

Jambo moja zaidi kuhusu umeme, ingawa si sababu ya kutowaka. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi. Kasha la chuma la kompyuta yenye plagi ya pini tatu likikosa ardhi huweza kutetemesha vidole, kwa sababu kichujio cha ndani ya pawa saplai hulipa kasha karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini kuchomeka waya wa skrini huku vyote viwili vimewashwa katika hali hiyo kunaweza kuua tundu la HDMI. Chomeka kwanza, washa baadaye.

Shitaka la pili: vipuri

Hapa watu huchanganya mambo mawili: kipuri kibovu na kipuri kisichopatana na wenzake. Muuzaji wa prosesa akiambiwa "hii ni mbovu" huiweka kwenye kompyuta yake, inawaka, naye hukataa kurudisha fedha. Pande zote mbili zinasema kweli. Prosesa ni nzima, na kwenye kompyuta ya mnunuzi haiwaki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni soketi ya Intel ya migusano 1151. Ilitumiwa na prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 tangu mwaka 2015. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha 8, chenye idadi ileile ya migusano, lakini kinahitaji madabodi mpya. Prosesa ya kizazi cha 8 inaingia bila shida kwenye madabodi ya zamani, na kifuniko kinafunga. Feni zinazunguka. Skrini inabaki nyeusi. Hakuna kilichovunjika wala kitakachowahi kuwaka.

AMD ilikwenda njia nyingine, nayo ikazaa fumbo lake. Soketi ya AM4 ilidumu vizazi kadhaa, kwa hiyo prosesa za Ryzen 5000 zilizotoka Novemba 2020 zinaweza kufanya kazi kwenye madabodi iliyotengenezwa miaka ya nyuma, mradi BIOS yake imepewa toleo jipya kwanza. Na ili uipe toleo jipya, unahitaji kompyuta inayowaka. Tatizo la namna hii lilianza na vizazi vya kabla ya hapo, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 AMD yenyewe iliwaazima wateja prosesa ndogo ya muda kwa ajili ya kazi hiyo tu. Makomeno, jibu ni fundi mwenye prosesa ya zamani ya AM4 kwenye droo yake, au madabodi yenye kitufe cha kusoma BIOS kutoka flashi bila prosesa. Anayenunua madabodi iliyotumika na prosesa mpya aulize kwanza toleo la BIOS, kabla ya kuuliza bei.

Halafu kuna herufi. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama Core i5-12400F, haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Ryzen 5 5600 haina, Ryzen 5 5600G inao. Mwenye prosesa isiyo na picha akichomeka skrini kwenye tundu la HDMI la madabodi ataona giza hata kompyuta ikiwa imeshawaka kikamilifu na inamngoja. Herufi moja, na bei ya kadi nzima ya michoro iko nyuma yake.

Kwenye RAM, umbo husaidia kwa sehemu. DDR3, DDR4 na DDR5 zina mkato mahali tofauti, hivyo haziingiliani bila kulazimishwa. Lakini RAM za DDR4 za seva, zile zenye chipu ya ziada katikati, zina umbo lilelile la RAM za kawaida. Huuzwa rahisi sokoni kwa sababu seva za ng'ambo hustaafishwa kwa maelfu. Zinaingia kwenye madabodi ya kawaida, na madabodi haiwaki. Lebo ya moduli ndiyo shahidi pekee: kipimo kikimalizika kwa R, kama kwenye PC4-2400T-R, hiyo ni ya seva.

Mwisho ni ugonjwa usio ugonjwa. Jukwaa la AM5 la AMD, lililotoka Septemba 2022, hutumia DDR5 peke yake, na mara ya kwanza linapowashwa hutumia muda kuijua RAM hiyo: skrini nyeusi kwa dakika kadhaa, hasa RAM ikiwa nyingi. Mtu akikata tamaa dakika ya pili akazima, kazi inaanza upya. Kuna kompyuta zilizovuliwa zote kwa sababu hakuna aliyengoja. Ngoja robo saa kabla ya kugusa bisibisi.

Vipuri vilivyo vibovu kweli vipo, hasa madabodi zilizotumika zenye pini zilizopinda ndani ya soketi ya prosesa. Zitazame kwa tochi na kioo cha kukuzia kabla ya kulipa, si baada. Na kompyuta iliyounganishwa Dar es Salaam au Lusaka ikaletwa kwa lori haifai kuwashwa kabla ya kufunguliwa: mtikisiko wa barabara hulegeza kadi nzito ya michoro, huinua RAM na kuvuta plagi. Ilikuwa nzima ilikotoka, na bado ni nzima, imelegea tu.

Shitaka la tatu: mikono

Hili ndilo shitaka linaloumiza nafsi, na kwa mizani yangu ndilo lenye hatia mara nyingi zaidi kwa anayeunganisha kwa mara ya kwanza.

Plagi inayosahauliwa kuliko zote ni ile ndogo ya pini 4 au 8 inayokaa juu, karibu na prosesa. Iliingia katika kompyuta za kawaida mwaka 2000 pamoja na Pentium 4, kwa sababu plagi kubwa haikutosha tena kulisha prosesa. Ikikosekana, feni zinazunguka, taa zinawaka, na prosesa haipati chochote. Ni ugonjwa wa tatu kwa sura yake kamili, na tiba yake haina bei. Inayofuata ni RAM iliyoingia upande mmoja. Madabodi nyingi za leo zina kifungio upande mmoja tu, hivyo upande wa pili hudanganya macho. RAM inahitaji kusukumwa kwa nguvu ambayo anayeanza huiogopa. Ukiwa na RAM mbili kwenye madabodi ya nafasi nne, kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kadi ya michoro nayo ina plagi yake ya umeme, na waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi hiyo. Mwenye kadi akichomeka kwenye madabodi hukuta giza lilelile la mwenye prosesa ya F.

Ugonjwa wa kimya kitupu mara nyingi ni waya mbili nyembamba za kitufe zilizochomekwa pini moja pembeni ya zinapostahili. Ule wa kushtuka na kuzima huweza kutoka kwa kimoja cha vinguzo vya shaba nyeupe au njano, vile vinavyoinua madabodi kutoka kwenye bati la kasha. Kikiachwa mahali ambapo madabodi haina tundu, hugusa nyaya za nyuma yake na kufanya shoti. Kasha hufika na vinguzo vimeshapangwa kwa madabodi kubwa. Mwenye madabodi ndogo lazima aving'oe vya ziada.

Nguvu ya shitaka hili ni kwamba kulichunguza hakugharimu chochote ila saa moja. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi mno kwa muuzaji kulitumia kama ngao. Pini ya soketi ikipinda, nani aliipinda: aliyekuwa nayo mwaka jana, au aliyeifunga jana? Bila ushahidi, anayeshindwa ni mnunuzi. Picha ya soketi iliyopigwa kwa simu mbele ya muuzaji, siku ya kununua, ina thamani kuliko mabishano ya wiki nzima.

Umeme wa tuli, ule unaochoma kidole unapogusa chuma, hutajwa mara nyingi katika msimu wa ukame, Mei hadi Oktoba, hewa ya Lubumbashi inapokauka. Unaweza kuharibu chipu, na kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipuri ni tabia njema. Lakini kama maelezo ya kutowaka, haufai, kwa kuwa hauthibitiki wala haukanushiki. Uwe sababu ya kujikinga, usiwe sababu ya kufunga uchunguzi.

Njia tatu za kutafuta kosa

Ya kwanza ni kubadilisha: toa RAM, weka nyingine, toa pawa saplai, weka nyingine. Kwenye karakana yenye vipuri vilivyothibitishwa, ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Nyumbani ni njia ya tajiri. Inahitaji vipuri ambavyo huna, na kipuri cha kuazima ambacho hakijathibitishwa huongeza shaka badala ya kuipunguza. Ina hatari pia: pawa saplai mbovu iliyoua madabodi ya kwanza itaiua na ya pili.

Ya pili ni kuvua. Kompyuta hutolewa yote kwenye kasha, madabodi inalazwa juu ya boksi lake la karatasi ngumu, na kubakishwa vitu vichache: prosesa na kipoozaji chake, RAM moja, pawa saplai, na kadi ya michoro ikiwa tu prosesa haitoi picha. Hakuna diski, hakuna kitufe. Pini mbili za kitufe hugusishwa kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Ikiwaka, kosa lilikuwa kwenye kasha au kwenye kilichoondolewa, na vitu hurudishwa kimoja kimoja. Njia hii huondoa kwa mpigo mmoja vinguzo, waya za kitufe, matundu ya USB ya mbele na diski. Haiwezi kukuambia kipi kati ya madabodi, prosesa na RAM kina kosa, na humtisha asiyezoea. Lakini haihitaji kununua kitu.

Ya tatu ni kusoma ishara. Madabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo za prosesa, RAM, picha na diski. Inayobaki ikiwaka huonyesha hatua ambapo ukaguzi ulikwama. Za zamani hutumia milio, kwa spika ndogo ambayo mara nyingi haimo kwenye kasha na inabidi kununuliwa peke yake. Milio hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja wa BIOS na mwingine, kwa hiyo kijitabu cha madabodi yako ndicho kamusi, si kumbukumbu ya jirani. Na taa nayo huonyesha mahali, haimtaji mwenye hatia. Taa ya RAM ikiwaka, wengi hukimbilia kununua RAM. Lakini kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, kwa AMD tangu 2003 na kwa Intel tangu 2008; pini moja iliyopinda chini ya prosesa huwasha taa hiyohiyo. Kabla ya kununua RAM, ijaribu moja moja katika kila nafasi.

Pembeni ya njia hizi kuna hatua moja ya bure ambayo haina mpinzani: kufuta kumbukumbu ya BIOS. Chomoa umeme, toa betri ndogo ya duara ya CR2032, ngoja dakika kadhaa, irudishe. Madabodi iliyotumika bado inakumbuka mipangilio ya mwenyewe wa zamani, iliyofanywa kwa prosesa na RAM nyingine.

Mpaka usiovukwa nao upo. Pawa saplai haifunguliwi nyumbani. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili kuona kama feni yake inazunguka linafanywa nje, kwenye plagi, nalo linathibitisha kidogo tu: feni ikigoma, pawa saplai ina kesi ya kujibu; ikizunguka, bado hujui kama itasimama imara ikibeba mzigo.

Mizani

Karakanani, anza kubadilisha. Nyumbani Makomeno, utaratibu ugeuzwe: jua kwanza ni ugonjwa upi kati ya yale manne, soma taa au milio, ngoja robo saa kama ni DDR5, pitia plagi zote kwa kidole, futa kumbukumbu ya BIOS, linganisha namba za prosesa na madabodi, kisha vua. Kununua kipuri kuwe mwisho kabisa. Mikono ishukiwe kwanza, kwa sababu kuikagua ni bure. Mapatano ya vipuri yafuate, kwa sababu hukaguliwa kwa kusoma. Umeme uwe wa tatu, na ushitakiwe kwa mita. Kipuri kibovu kiwe cha mwisho, si kwa sababu ni nadra, ila kwa sababu kukosea hapo ndiko kunakogharimu zaidi.

Kinachobaki hakimo mikononi mwa mnunuzi peke yake. Chanzo cha mzozo ni kwamba vipuri hulipiwa kabla havijawahi kukutana, na muuzaji ndiye mwenye uwezo wa kuvikutanisha. Pawa saplai moja iliyothibitishwa, skrini moja ya zamani na bisibisi juu ya kaunta vinatosha: madabodi, prosesa na RAM viwekwe juu ya boksi, viwashwe mbele ya mnunuzi mpaka nembo itokee, picha ya soketi ipigwe, ndipo fedha zitolewe. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Wauza vipuri wa Lubumbashi, iwekeni meza hiyo. Nanyi wanunuzi, msitoe fedha kabla ya kuona nembo ikiwaka.